Ukumbi wa Ghorofani

Walimwita Mama Pasi tangu angali kijana, na jina likamganda mpaka wapangaji wenzake wengine wakadhani ndilo alilopewa na wazazi. Alifanya kazi ya udobi katika hoteli kubwa ya mjini, kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha, katikati ya mvuke na mngurumo wa mashine. Shuka za wageni, vitambaa vya meza, makoti meupe ya wapishi, vyote vilipita mikononi mwake. Aliweza kukunja shuka ya kitanda cha watu wawili peke yake bila ncha yoyote kugusa sakafu. Wasichana wapya waliletwa kwake wafundishwe, na hakuwa mwalimu mpole.

"Hii ni shuka au tambara la deki?" angeuliza, kisha anaikunjua yote na kumrushia binti wa watu aanze upya.

Umri ulipofika hoteli ikamuaga kwa keki na picha ya pamoja, akarudi nyumbani kwa kitinda mimba wake, binti aliyekuwa keshia katika duka kubwa la vyakula. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili, jiko dogo, na bafu la nje lenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikawa laini kama sahani. Binti aliondoka asubuhi na kurudi jua likizama. Mama Pasi akabaki na kuta. Mtu aliyezoea kelele za mashine maisha yake yote, kimya kile kilimtia wazimu. Alipiga pasi kila kilichokuwamo ndani, hata mataulo, hata vitambaa vya kufutia vyombo. Vilipokwisha akaanza kuzungumza na redio. Mtangazaji akisema habari za asubuhi, yeye anamjibu, "Nzuri mwanangu, sijui zako." Siku moja binti yake alirudi mapema akamkuta anagombana na mtangazaji wa hali ya hewa kwa kudanganya kuhusu mvua. Binti akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaingia bafuni, akafungulia maji, akalia.

Aliyemtoa ndani ni jirani yake, mshonaji mstaafu waliyemwita Bibi Miwani kwa sababu miwani yake ilifungwa kamba ya kiatu isianguke.

"Wewe utaoza humu ndani," Bibi Miwani alimwambia, amesimama mlangoni na kofia yake ya jua. "Vaa viatu twende kituoni."

"Kituo cha nini?"

"Cha wazee."

"Mimi si mzee."

"Haya, basi nisindikize mimi niliye mzee."

Kituo kilikuwa ukumbi mmoja mrefu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Chini palikuwa mabati, ndoo za rangi na vijana wa kupakia mizigo. Juu walikuwa wazee. Ngazi ilipita nje ya jengo, ya saruji, imekata kona katikati, na chuma cha kushikilia kilikuwa upande mmoja tu. Ukifika juu unapokelewa na muuguzi anayekupima shinikizo la damu na sukari, kisha unaingia ukumbini kwa mazoezi, kisha chai na mkate, kisha drafti, karata na maongezi. Siku nyingine alikuja mtu wa macho, siku nyingine wa meno, siku nyingine mtaalamu wa lishe akawakataza chumvi, na wazee wakaitikia kwa adabu, wakarudi makwao kuila kama kawaida. Mpango mzima uliendeshwa na shirika moja, chini ya mwanamke kijana mwenye sauti laini na simu isiyotoka sikioni, ambaye kila mtu alimwita Mratibu.

Mama Pasi alikwenda shingo upande. Siku ya kwanza alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri gari. Lakini mazoezi yalipoanza, mwili wake ukakumbuka kazi. Mikono iliyoinua shuka zenye maji miaka nenda rudi iliinuka bila shida. Miguu iliyosimama kutwa kucha ilikuwa bado na nguvu. Wenzake walihema, yeye akatazama huku na huku akiuliza kwa macho, ndiyo basi?

Toka siku hiyo hakukosa. Alilala vizuri, akala vizuri, redio ikasikilizwa bila kujibiwa. Akirudi nyumbani alikuwa na habari za kumsimulia binti yake: nani amemtukana nani kwenye drafti, nani amepakwa rangi nywele na mjukuu wake zikatoka za zambarau. Binti akapumua. Kwa mara ya kwanza tangu mama yake astaafu, alikaa kwenye mashine yake ya malipo kazini bila roho kuwa mkononi.

Kijana aliyefundisha mazoezi alipopata kazi kwingine, Mratibu alimwomba Mama Pasi asimame mbele kwa muda. Ule muda haukuisha. Alisimama mbele ya wazee wenzake kama alivyosimama mbele ya wasichana wa udobi.

"Inua! Huo ni mkono au ni kamba ya kuanikia nguo?"

Walicheka, wakainua. Wengi walimpenda. Waliochoka haraka walimwogopa, na wengine kati yao wakaacha kuja kimyakimya. Yeye hakuona. Au aliona, akasema moyoni kwamba ni wavivu.

Miongoni mwa wanachama alikuwamo dereva mstaafu wa mabasi ya masafa marefu, jina lake la utani Breki. Mwanamume mnene, mcheshi, aliyejua kuiga sauti ya kila mtu ukumbini, hata ya Mratibu akiongea na simu. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Alipanda ngazi kwa ubavu kama kaa, akapumzika kwenye kona, akapiga utani wa kuficha maumivu, akaendelea. Kadiri miezi ilivyokwenda, mapumziko pale kwenye kona yakawa marefu na utani ukawa mfupi. Mwishowe akaleta ombi kwenye kikao: kwa nini tusikutane chini, uani nyuma ya duka, hata mara moja kwa wiki? Mwenye duka alishaulizwa, hana pingamizi. Kuna kivuli, kuna nafasi, viti vitashushwa.

Mratibu alitazama wazee. "Mnasemaje?"

Mama Pasi ndiye aliyesimama.

"Tukianza kumfuata chini kila anayelalamika magoti, tutaishia kufanyia mazoezi kitandani," alisema. "Ngazi yenyewe ni mazoezi. Mimi naipanda, Bibi Miwani anaipanda na haoni hata anapokanyaga. Breki anajidekeza tu. Amezoea kukaa kwenye kiti na kusukuma kwa mguu."

Ukumbi uliangua kicheko. Wakapiga makofi. Breki naye alicheka, kwa sababu alikuwa mtu wa kucheka, kisha akachukua kofia yake mezani na kushuka, kidato baada ya kidato, wakisikia fimbo yake inavyogonga saruji. Hakurudi tena. Wiki chache baadaye hakuna aliyemtaja, isipokuwa mtu akitaka kuiga sauti akashindwa.

Mwaka huo walikuja watu na kamera. Wakawapiga picha wakiwa mazoezini, na katika picha zote wakachagua ya Mama Pasi, mikono juu, kidevu juu, meno yote aliyobaki nayo yako nje. Wakaitengenezea bango kubwa likatundikwa kwenye ukuta wa zahanati, mahali barabara inapokutana na barabara. Chini yake maneno: Uzee si ugonjwa. Mama Pasi alilipita kila siku akijifanya anatazama upande wa pili. Lakini Bibi Miwani, pamoja na macho yake mabovu, alimwona akipunguza mwendo.

Alianguka bafuni kwake, asubuhi ya kawaida, binti akiwa ameshatoka. Povu kidogo la sabuni, kisigino kikateleza, na akasikia ndani ya nyonga sauti kama ya kijiti kikavu. Wiki ileile alikuwa ameitikia kwa sauti mafundisho ya muuguzi kuhusu kuanguka: tandikeni mkeka wa mpira, wekeni chuma cha kushikilia ukutani. Alikuwa amewaambia wenzake kwamba wanaoanguka ni wale wasiofanya mazoezi. Alilala kwenye sakafu ya maji, baridi ikimpanda mgongoni, redio inaendelea chumbani na vipindi vyake kimoja baada ya kingine, mpaka binti yake alipofungua geti jioni na kuita, "Mama, nimerudi," asijibiwe.

Hospitali walimpasua, wakamtia chuma. Alikaa wodini muda mrefu kuliko alivyotarajiwa, kwa sababu kidonda kilichelewa kupona. Bibi Miwani alikuja na wenzake wa kituoni, wakasimama kuzunguka kitanda wakimwambia utapona, wewe ni jeshi, tunakungoja mbele. Siku ya kuruhusiwa, daktari alimwita binti pembeni, lakini akasema kwa sauti ya kusikika na wote.

"Mfupa umeunga, lakini hatatembea kama zamani. Atatumia hiki cha kushikilia." Aligusa chuma chepesi cha miguu minne kilichoegeshwa kando ya kitanda. "Sasa dawa yake ni kutembea kidogo kila siku na kuwa na watu. Ukimfungia ndani utampoteza. Kuna kikundi chochote cha wazee huko mnakokaa?"

Mama Pasi alimjibu mwenyewe kutoka kitandani. "Daktari, hicho kikundi ninakiongoza mimi."

Alipopata nguvu kidogo, binti aliomba ruhusa kazini, akatafuta teksi, akampeleka mama yake kituoni. Mama Pasi alivaa fulana yake ya mazoezi, ile ya rangi ya chungwa, aliyoipiga pasi mwenyewe akiwa amekaa. Waliposhuka mbele ya duka la vifaa vya ujenzi alisimama na chuma chake, akainua macho, akaitazama ngazi. Alikuwa hajawahi kuiona kutoka chini namna ile. Juu alisikia mtu anahesabu mazoezi. Haikuwa sauti anayoijua.

Mratibu alishuka mbio akiwa ameikunjua mikono. "Mama yetu! Mungu mkubwa! Umerudi!"

"Nimerudi," alisema Mama Pasi. "Nitafutie vijana wawili wa hapo dukani wanibebe na kiti, nikifika juu najua pa kushika."

Mikono ya Mratibu ikashuka taratibu. Alimtazama binti, akamtazama mama, akatazama simu yake.

"Mama, tatizo ni usalama. Ukidondoka hapa kwenye ngazi, mpango mzima unafungwa. Waliotupa nafasi hii walituambia wazi, watu wapande kwa miguu yao."

"Basi shusheni viti. Tukutane uani."

Neno lilimtoka kabla hajalifikiri. Alilisikia likirudi masikioni mwake, na uso ukamwaka moto.

"Tulishaamua kwenye kikao, mama, unakumbuka," Mratibu alisema kwa upole kabisa, bila nia ya kumchoma. "Na wenzio wamezoea juu. Halafu mpango huu, ulivyoandikwa, ni wa wazee wanaojiweza. Wale ambao... wale wengine, wana mpango wao."

"Uko wapi?" binti aliuliza.

"Haujaanza bado."

"Utaanza lini?"

"Tunausubiri."

Binti akaanza kupandisha sauti. Alikuwa amesimama kwenye foleni za hospitali mpaka miguu ikavimba, na sasa yote yalimtoka hapo kwenye vumbi la saruji. "Mama yangu mmembandika ukutani! Kila anayepita barabarani anamwona! Kumbe alikuwa wenu alipokuwa anaruka tu?"

"Nyamaza," Mama Pasi akasema.

"Mama, lazima waambiwe."

"Nimesema nyamaza. Nirudishe nyumbani."

Mratibu alikuwa na machozi machoni, na yalikuwa ya kweli. Aliahidi watamtembelea. Na walimtembelea. Wakaja kundi zima na blanketi, sabuni na matunda, wakaimba wimbo wao wa mazoezi sebuleni huku wakigongana viwiko kwa ufinyu wa nafasi, wakapiga picha naye, wakaondoka. Mara ya pili walikuja wachache. Mara ya tatu alikuja Mratibu peke yake, akakaa kwenye ukingo wa kiti, simu ikaita akatoka nje kuipokea, akarudi kuaga. Baada ya hapo zikawa salamu. Kisha hata salamu zikakatika.

Bibi Miwani ndiye aliyedumu. Alipita akitoka kituoni, akamletea habari. Lakini habari zikaanza kupungua na kukaa kwake kukawa kufupi, na macho yake nyuma ya ile miwani yakawa hayatulii kwenye chuma kile cha miguu minne. Siku moja Mama Pasi akamuuliza bila kuzunguka.

"Mbona siku hizi unanikwepa?"

"Sikukwepi, mwenzangu. Kazi za nyumbani tu."

"Kazi gani? Unaishi peke yako na paka."

Bibi Miwani alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni kwa muda mrefu, kama fundi anayetafuta uzi uliopotea.

"Nikwambie ukweli?"

"Niambie."

"Nikikutazama naogopa. Nakwenda nyumbani silali. Naingia bafuni nashika ukuta kwa mikono miwili, natetemeka. Wewe ulikuwa na nguvu kutuzidi wote. Kama wewe umefika hapa, mimi nitafika wapi?" Akavaa miwani. "Nisamehe. Siwezi."

Mama Pasi hakumtukana. Alimwambia tu aufunge mlango vizuri akitoka, mbu wasiingie. Kisha akageuza uso ukutani na hakula chakula cha jioni, na binti alipouliza nini kimetokea akasema tumbo.

Sasa alikuwa anakaa mlangoni kutwa. Asubuhi alisaidiwa kuamka, akaoshwa na mtoto aliyemzaa mwenyewe, akavalishwa, akawekwa kwenye kiti na chupa ya chai. Chuma cha kutembelea kilisimama kando yake. Mwanzoni alizunguka nacho uani kila siku kama alivyoambiwa. Baadaye alizunguka siku anazojisikia. Baadaye alikitundikia taulo.

Alikuwa amekaa hivyo pale geti liliposukumwa na ncha ya fimbo. Breki aliingia kwa ubavu, jasho likimchuruzika, akasimama mbele yake akimtazama bila salamu. Alikuwa amekonda, na shati lake lilimpwaya mabegani.

"Karibu," Mama Pasi akasema.

"Sikuja kukaribishwa," alisema Breki. "Nilisikia, nikasema lazima nikaone kwa macho yangu kama ni kweli."

"Umeona?"

"Nimeona."

"Umefurahi?"

Breki alifikiri, kama mtu aliyeulizwa swali la haki linalostahili jibu la haki. "Njiani nilikuwa nimefurahi," alisema. "Nilikuwa na maneno mazuri sana ya kukwambia. Sasa yamenitoka." Akavuta kigoda, akajishusha juu yake kwa mguno. "Una chai?"

Alikunywa chai. Hakuulizwa kuhusu magoti na hakuuliza kuhusu nyonga. Alipokuwa anaondoka, Mama Pasi alijikaza.

"Siku ile kikaoni..."

"Usiseme," Breki akamkatiza. "Ukiniomba msamaha itabidi nikusamehe, na mimi bado sitaki."

Alirudi baada ya siku kadhaa, kisha tena. Alikuwa na utani wake uleule: aliiga sauti ya Mratibu, aliiga mwenye duka akimkaripia mpakiaji, mara moja akamwiga Mama Pasi mwenyewe, "huo ni mkono au ni kamba ya kuanikia nguo," na yeye akacheka mpaka nyonga ikamuuma. Alikuwa hajacheka tangu hospitali.

Ndipo ukaja mwaliko. Kituo kinaadhimisha mwaka mwingine, wageni wakubwa wa shirika wanakuja, na wageni hao wameliona bango wakauliza: huyu mama yupo? Tungependa kumsalimu. Mratibu alikuja mwenyewe kwa gari.

"Nimeshapanga vijana wa kukubeba, mama. Wanne, wenye nguvu. Na kiti kizuri. Hutagusa ngazi."

"Na usalama?" Mama Pasi aliuliza.

Mratibu akainama. "Siku hiyo tu, mama. Tafadhali. Wakifurahi wataongeza fedha za mpango. Huenda na ule mwingine ukaanza."

Breki alikuwepo kwenye kigoda chake. Gari lilipoondoka alisema, "Usiende."

"Nitakwenda."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu watanipa kipaza sauti," alisema Mama Pasi. "Na mimi nikishika kipaza sauti, nitasema kila kitu. Ngazi, na uani, na wewe, na mpango ambao haujaanza. Mbele ya wageni wao. Nitawavua nguo."

Breki alimgeukia. Kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa na mzaha. "Ukisema hivyo," alisema, "nitakusamehe kabla hujaomba."

Siku yenyewe walimbeba juujuu kama bibi harusi. Saruji ikapita chini yake, kona ikapita, mlango ukafunguka, na makofi yakampokea. Ukumbi ulipambwa kwa maputo. Alikuta nyuso zilezile, wengine wamepungua. Alikalishwa mbele, karibu na wageni. Walimshika mikono yote miwili, wakamwambia ni mfano kwa wengi. Mama mmoja wa kituoni alimnong'oneza sikioni, kwa furaha, kwamba muuguzi sasa anawapa na dawa za shinikizo bure, na asingekuwa yeye na picha yake wasingezipata. Mzee mwingine alimwonyesha meno mapya.

Kipaza sauti kikaja. Alikishika. Maneno yote aliyoyapanga usiku na mchana yalikuwa hapo, yamejipanga kama shuka kwenye rafu. Akatazama mbele: wazee waliojikamua kupanda ngazi ile, wamevaa fulana za chungwa, wanamtazama kwa hofu. Walijua. Kila mmoja alijua kile anachoweza kusema Mama Pasi, na kila mmoja alikuwa anamwomba kwa macho asikiseme. Bibi Miwani alikuwa safu ya pili, ameishika miwani yake kwa vidole viwili kana kwamba inataka kuruka.

"Nawashukuru," alisema Mama Pasi. "Kituo hiki kilinitoa ndani. Asanteni sana."

Makofi yakapasua paa. Mratibu akafuta machozi. Wakala keki, wageni wakaondoka na magari yao, Mratibu akiwasindikiza uwanja wa ndege. Wazee wakashuka mmoja mmoja, kila anayempita akimgusa bega. Vijana wa kumbeba walikuwa wa kukodi, nao wakaondoka na gari lililowaleta. Hakuna aliyekusudia ubaya; kila mtu alidhani mwingine ameshapanga atakavyoshushwa. Ukumbini wakabaki Mama Pasi kwenye kiti chake na mfagiaji aliyekuwa akikusanya maputo na kuyapasua kwa kisu kidogo, pa, pa, pa.

"Mama, wewe unachukuliwa na nani?" mfagiaji akauliza.

"Wanakuja," alisema.

Alibanwa na haja ndogo. Choo kilikuwa upande wa pili wa ukumbi, na chuma chake cha kutembelea kilikuwa kimeachwa chini, ndani ya duka, kisiharibu picha. Aliona haya kumwomba mfagiaji, mwanamume. Alijikaza, akajikaza, kisha hakuweza tena. Binti yake, aliyetoka kazini akakuta nyumba tupu, ndiye aliyekuja mbio, akawaita wapakiaji wa dukani wakamshusha, mikono yao bado na vumbi la saruji. Mama Pasi alijifunika mapaja kwa fulana yake na hakutazama mtu usoni. Nyumbani, binti alipokuwa akimwosha, akasema kwa hasira, "Kesho naenda kuwaambia wanisikie mtaa mzima."

"Huendi," alisema mama yake. "Kuna watu wanapata dawa pale."

Breki alikuja siku ya pili. Alisimama getini, hakuingia.

"Uliwaambia?"

Mama Pasi alitikisa kichwa.

"Ulisema nini?"

"Nilisema asante."

Alitaka kumweleza kuhusu nyuso zile, kuhusu meno mapya ya yule mzee, kuhusu macho ya Bibi Miwani. Lakini Breki alikuwa ameshageuka. Akaondoka kwa ubavu, mkono mmoja kwenye ukuta wa jirani, na fimbo yake ikasikika mpaka kwenye kona.

Hakuonekana msimu mzima wa mvua. Ule mpango mwingine haukuanza. Mama Pasi akaacha kukaa mlangoni, akawa anakaa ndani, na binti akarudia kulirudishia geti asubuhi akiondoka, kwa moyo mzito kuliko mwanzo. Redio ikarudia kupata mtu wa kuijibu.

Mvua zilipokatika, Breki akagonga mlango, akaingia. Alikuwa na fimbo mbili sasa. Akajishusha kwenye kigoda, akahema, akatazama ukuta.

"Umenisamehe?" Mama Pasi akauliza.

"La," alisema Breki. "Sina pengine pa kwenda."

Alimwomba chai. Chupa ilikuwa mbali, upande wa dirishani, na kwa muda hakuna aliyeinuka, kila mmoja akimngoja mwenzake.